Chini ya Mkungu: Shajara ya Chapa Moja

Februari 6

Mama mwenye genge mbele ya nyumba yetu, hapa Magomeni, Dar es Salaam, hufagia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla hajawasha jiko. Anainama na chelewa zake, anarudi kinyumenyume mpaka kwenye mfereji, na akimaliza panabaki rundo moja: majani mekundu ya mkungu, tiketi za mabasi ya mwendokasi, risiti za umeme wa LUKU, vikaratasi vya karanga vilivyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi wa watu, maganda ya machungwa. Kisha anatia kiberiti. Leo nimemuwahi.

"Shikamoo mama. Naomba usichome."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nazitaka hizo."

"Taka?"

"Karatasi na majani. Maganda baki nayo."

Akanitazama kama anayepima homa kwa macho, halafu akanipa kiroba cha sukari kitupu.

Basi mradi umeanza. Nakusudia chapa moja ya ukubwa wa A3, nakala 12: jani la mkungu lililochapwa kwa jani lenyewe, juu ya karatasi zilizofagiwa pamoja nalo.

Niiandike sababu sasa hivi, maana najijua, nikifika katikati nitaanza kubadilisha mawazo. Miaka miwili hii nimekuwa nikichora mimea kwa mtindo wa vitabu vya botania: mmea katikati, kila mshipa mahali pake, nyuma weupe mtupu. Zinauzika, watu wanatundika sebuleni. Ila kila nikimaliza mmoja naona kama nimeuhamisha kwa nguvu. Mlonge wangu haumjui kuku anayeparua chini yake. Sasa nataka mmea mmoja uje na chini yake.

Februari 9

Usumbufu wa kwanza ni jina. Nikimwambia mtu kwenye simu kwamba natengeneza picha ya mkungu, anauliza, "Wa ndizi?" Leo mara tatu. Wangu ni ule mti wenye matawi yaliyopangana kama ghorofa, unaozaa makungu, yale tuliyoyavunja kwa jiwe utotoni nusu saa nzima tukaambulia kiini cha kujaza jino moja.

Kitaalamu ni Terminalia catappa, jina alilolipa mwanabotania Linnaeus mwaka 1767 umbo lake la sasa. Neno la kwanza lina asili ya Kilatini, lenye maana ya mwisho au mpaka, kwa kuwa majani hujikusanya kwenye ncha za matawi. La pili limetoka kwa Wamalei, ambao mti huu wanauita ketapang. Kungu lina ganda jepesi, linaelea, linaweza kusafiri na maji ya bahari mbali sana. Kwa hiyo aliyeuleta Magomeni anaweza kuwa mtu, popo au maji, mimi simo.

Ninachohitaji zaidi ni umbile. Jani ni pana upande wa ncha, linapungua kuelekea kwenye kikonyo. Kubwa linafika sentimita 25 na kupita. Mshipa mkuu ni mnene, na ya pembeni imetokeza sana upande wa chini, ukipitisha kidole unaihesabu. Kabla ya kuanguka linakuwa jekundu la pilipili, mara nyingi likiwa na kipande cha kijani kilichokataa kuachia.

Februari 15

Nimekwenda Bustani ya Mimea, ile ya Barabara ya Samora, jirani na Ukumbi wa Karimjee na Makumbusho ya Taifa. Sikwenda kuchora, nilikwenda kukaa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujaribu mazao ya biashara: kipi kitaota huku, kipi kitaleta fedha. Leo ni kivuli kizuri cha kulia maandazi mchana, na sina ugomvi nacho.

Pale kwenye benchi nikakumbuka mmea uliokaushwa niliowahi kuonyeshwa na rafiki aliyesoma botania. Unabanwa, unakaushwa, unagundishwa kwenye karatasi nene ya takriban sentimita 29 kwa 42, na kwenye kona ya chini kulia kinawekwa kibandiko: jina, tarehe, aliyeuchuma, ulikochumwa. Kibandiko ndicho kilichonikaa kichwani. Kando ya njia, udongo wa kichanga, basi. Mahali pote pamekunjwa pakaingia kwenye mistari miwili.

Na vipimo vile ni A3 kwa tofauti ya milimita chache. Nimeamua: chapa yangu itakuwa na kibandiko kona ileile, lakini mahali patatoka ndani ya kibandiko na kuenea karatasi nzima.

Februari 22

Mashine ya kuchapia ya kuviringisha sina, na kuinunua siwezi. Yupo mtu aliyeniahidi kunikodisha ya kwake. Tangu Novemba jibu ni "wiki ijayo". Nimeacha kumpigia. Nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, kwa mafundi wa chuma, na mchoro mkononi: fremu ya chuma, sahani mbili nene, jeki ya lori ya tani 20 ya kuzibana.

Fundi akaugeuza mchoro huku na huku. "Dada, hii ya kukamulia nini, nazi?"

"Ya kukandamizia karatasi."

"Karatasi inatoa nini ukiikamua?"

Kijana wake akadakia kwamba labda noti bandia. Wakacheka mpaka fundi wa kibanda cha pili akaja kusikiliza. Lakini kazi waliifanya, na yule fundi akaongeza kitu ambacho sikukiomba: springi mbili za pikipiki zinazonyanyua sahani ya juu jeki ikilegezwa. Bila hizo ningekuwa nainyanyua kwa mikono kila nakala. Akaniuliza apake rangi? Nikamwambia hapana, rangi itachukua siku mbili kukauka, naichukua hivyohivyo.

Kuibeba hadi nyumbani ni habari ya bajaji moja, watu wanne na matusi mengi.

Machi 3

Njia niliyoichagua ni ya bamba la kubandika. Huchongi kitu. Unagundisha vitu juu ya hadibodi, unavifunga kwa vanishi, unapaka wino. Chochote chenye mgongo na bonde kinachapika.

Nilikausha majani tisa ndani ya vitabu vizito. Jani bichi likibanwa linatoa maji na kuharibu wino. Lililokauka mno linapasuka kama papadi. Siku nne zilinipa la kati. Nimelilaza moja uso chini, mgongo juu, maana huko ndiko mishipa ilikotokeza. Gundi nyeupe ya mbao, ubao juu yake, usiku mmoja. Kisha vanishi mara tatu kwa mkono mwepesi. Bamba la kwanza mkono ulikuwa mzito, mabonde yakajaa, jani likawa laini kama mgongo wa kijiko. Nimelitupa. La pili limekubali.

Lina matundu mawili ya wadudu karibu na ncha. Nimeyaacha.

Machi 9

Jaribio la kwanza, kwenye manila. Wino ni wa ofseti, mweusi, wa kopo, kutoka kwa wachapaji wa Kariakoo. Ni mzito kama lami ya asubuhi, nikaulainisha kwa matone ya mafuta ya kitani. Nimeupakaza kwa kitambaa hadi ukaingia kila ufa, halafu nikafuta juu kwa chandarua kikuukuu. Kuna kitambaa maalumu cha kufutia, chenye matundu na kilichotiwa wanga. Chandarua kilichofuliwa kinafanya kazi ileile.

Katikati ya jani: ajabu. Kila kijishipa kipo, hata yale matundu mawili yametoka na duara jembamba la wino. Pembeni: hakuna kitu, ukungu wa kijivu tu.

Sababu nimeiona kwa kuweka rula juu ya sahani huku jeki imekaza. Jeki inasukuma katikati, sahani inapinda, pembe zinanyanyuka. Nikarudi Gerezani. Fundi hakushangaa hata kidogo. "Inataka mbavu," akasema, akachomelea vyuma vitatu mgongoni mwa sahani wakati nakunywa soda. Nimeongeza na blanketi la sufi lililokunjwa mara mbili kati ya sahani na karatasi. Sasa pembe zinatoka, si nyeusi kama katikati, lakini zinatoka.

Machi 16

Siku ya tiketi. Kiroba kimejaa, nimezitenga: mwendokasi huku, LUKU kule, daftari peke yake. (Moja ya karatasi za daftari ni hesabu za kutoa kwa kuazima, zote zimekosewa isipokuwa ya mwisho, na mwalimu ameweka alama moja ya vyema, nyekundu, kubwa kupita kiasi. Hiyo lazima iingie.)

Tiketi zilikuwa zimekunjamana, nikazipiga pasi. Ya kwanza ikawa nyeusi tii kabla pasi haijafika ukingoni. Nikadhani nimeiunguza, nikanusa, haina harufu ya moshi. Ya pili hivyohivyo. Nikakumbuka: karatasi hizi hazichapwi kwa wino. Rangi imepakwa juu ya karatasi yenyewe, imelala, na inaamshwa na joto. Kimashine cha tiketi kina kichwa cha moto tu. Ndiyo maana risiti ukiiacha juani kwenye dashibodi unaikuta imekuwa nyeusi.

Hapo nikafanya upuuzi uliolipa. Nikatandika risiti nne za LUKU, nikaweka jani kavu juu, nikapitisha pasi haraka. Nilipoondoa jani, kote kulikuwa kweusi na katikati amelala mzuka: umbo la jani, jeupe, halina mshipa hata mmoja, na ndani yake namba za umeme bado zinasomeka, tarakimu 20 kwa kila risiti. Nje ya jani namba zimemezwa. Nimekaa na kile kikaratasi nikikiangalia mpaka chai ikapoa. Ni kivuli cha mkungu kabisa, ila kimegeuzwa nje ndani.

Tatizo ni kwamba hakitadumu. Risiti zangu za mwaka jana zilizo kwenye droo zimefifia, nyingine ni karatasi tupu. Siwezi kumuuzia mtu picha itakayofutika ukutani kwake. Kwa hiyo nimekipeleka steshenari nitoe kopi. Kijana alikataa karatasi yangu nyembamba, akasema itakwama kwenye mashine na bosi wake atamkata. Tukaelewana: niliibandika kwa selotepu ukingoni mwa A4 ya kawaida, ikaingia ikatoka salama. Kopi 15. Wino wa unga wa mashine ile hauogopi maji, nimeuloweka kuhakikisha.

Jioni nilimwomba mama wa genge ukurasa mmoja wa daftari lake la madeni. Ni daftari zuri, mistari ya bluu, mwandiko wa kulala, "mkaa 1,500", "nyanya 500 + kitunguu 200", na kila aliyelipa anakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Alikataa palepale. "Deni halitoki hapa mpaka lilipwe."

Machi 29

Siku mbaya, niiandike yote.

Karatasi zangu nzuri, za pamba, nzito, zilikuwa 18. Ni nyeupe mno, na weupe ndio ninaoukimbia. Nikachemsha sufuria nzima ya majani makavu ya mkungu kwa saa moja. Maji yakawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nikachovya karatasi moja moja, nikazianika uani, zikatoka na rangi ya mchanga mbichi, nzuri sana, kila moja na pete zake za maji. Nikajisifu.

Jana usiku nikazilowesha tena kidogo, maana karatasi isipokuwa na unyevu haiingii kwenye mabonde ya bamba. Nikabana ya kwanza. Nikaifunua: jani safi, na pembezoni mwake, kwenye karatasi tupu, madoa. Ya bluu iliyokaribia weusi, mengine kama punje ya choroko, mengine kama sarafu. Nikafuta kwa kitambaa, hayafutiki. Nikafikiri wino umeruka. Nikaosha mikono, nikabadilisha blanketi, nikabana ya pili. Madoa. Ya tatu. Madoa. Ya nne nimeibana kwa hasira, sijui nilitegemea nini.

Asubuhi nikazipanga zote nne sakafuni na ndipo nikaona: madoa yako mahali palepale katika kila karatasi. Kitu kisichohama kiko kwenye mashine. Nikainua sahani ya chini na kuitazama kwenye mwanga. Vidoa vya kutu, vidogo, kila kimoja kikilingana na doa lake.

Lakini kutu ni nyekundu, na doa langu lilikuwa la bluu-nyeusi. Hilo sikulielewa. Nikatoka na karatasi moja nikamwonyesha mama wa genge, si kwa kuomba msaada, kwa kulalamika tu. Akaigusa kwa kidole.

"Kwani hujawahi kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha kutu?"

Nimewahi. Kisu kinakuwa cheusi, vidole vinakuwa vyeusi, na havitoki siku mbili. Ni jambo lilelile. Utomvu wa ndizi una tanini, ile kemikali ya mimea yenye ukakasi, majani ya mkungu yana tanini tele, na tanini ikikutana na chuma inatoa weusi. Wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulikuwa hivyo: vinundu vya mti wa mwaloni kwa tanini, chumvi ya chuma, maji na gundi ya mti. Mimi nilikuwa natengeneza wino bila kujua, kwenye ukingo wa karatasi zangu bora. Na mkungu wa ndizi, niliokuwa nikiukana kwenye simu, ndio uliofumbua fumbo.

Zimebaki 14. Rangi ya mafuta nimepaka kwenye sahani leo, mikono miwili, na kati yake na karatasi nitaweka nailoni. Siku mbili nilizokataa kuzisubiri Gerezani zimenigharimu karatasi nne.

Aprili 2

Nimeweka misumari yenye kutu kwenye siki tangu ile siku mbaya. Leo nimechovya brashi na kuandika juu ya kipande cha karatasi iliyochovywa majani. Maandishi yanaanza kama maji, kijivu, kisha mbele ya macho yanakolea yakawa meusi. Nimeandika jina langu mara kumi kama mtoto.

Wino wa kibandiko umepatikana: jani limetoa nusu, genge limetoa nusu (misumari ni ya kibanda chake cha zamani). Sitautumia kwingine kokote. Chuma na asidi hula karatasi taratibu, hati za kale zilizoandikwa kwa wino wa namna hii nyingine zimetoboka herufi kwa herufi. Kwenye kibandiko kidogo kinachoweza kubadilishwa, sawa.

Aprili 13

Masika imeshika. Hakuna kinachokauka. Wino wa mafuta unahitaji hewa ili ugande, na hewa ya sasa ni supu. Jaribio la Aprili 4 bado linaacha alama kwenye kidole.

Na mende. Nimepika gundi ya unga wa ngano, uji mwepesi uliochujwa kwa kitambaa, kwa sababu haigandi kama plastiki na karatasi nyembamba zinaipenda. Mende pia wanaipenda. Usiku wa juzi niliacha karatasi moja iliyobandikwa vipande juu ya meza. Asubuhi kona imeliwa kwa ustadi, ile hesabu ya kutoa imebaki bila jibu. Nashukuru haikuwa yenye alama ya vyema. Zimebaki 13.

Sasa naongeza matone ya mafuta ya karafuu kwenye gundi. Chumba kinanukia pilau. Mende wamehamia jikoni.

Aprili 20

Mvua. Jaribio moja la manila limeota ukungu. Mkungu umeota ukungu. Sina la kuandika zaidi.

Mei 4

Jua. Nakala ya kwanza halisi, na niandike mpangilio wote ili nisiubahatishe kesho.

Karatasi inalowa tangu usiku kati ya mataulo. Bamba linapakwa nyeusi, inasuguliwa ndani, inafutwa kwa chandarua, kisha kwa ukurasa wa gazeti hadi migongo ing'ae. Juu ya migongo napitisha rola yenye nyekundu nyembamba sana. Nyekundu ya kopo peke yake ni ya bendera, nimeichanganya na njano na chembe ya nyeusi hadi ikafanana na jani lililo mbele yangu. Kipande cha kijani nakidonoa kwa kidole, na kila nakala kinaangukia mahali pengine, kama kwenye mti wenyewe.

Halafu karatasi za chini. Kopi ya kivuli, tiketi, ukurasa wa daftari, kipande cha gazeti lililofungia vitumbua chenye alama za mafuta zinazopitisha mwanga. Zinapakwa gundi mgongoni, zinalazwa juu ya bamba lenye wino, gundi ikiangalia juu. Hapo mkono hautakiwi kutetemeka, ukishagusa huwezi kusogeza. Karatasi nzito juu yake, blanketi, jeki. Dakika tano. Kwa mbano mmoja gundi inashika na wino unaingia, na jani linatoka limechapwa juu ya taka zake, mishipa ikipita katikati ya "Kivukoni" na tarakimu za umeme bila kuomba njia.

Dakika 40 kwa nakala moja. Mbili kwa siku, nisijidanganye.

Usafi: mafuta ya kupikia kwanza, sabuni baadaye. Mafuta ya taa yananiumiza kichwa.

Mei 12

Nakala nane kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, feni ikipuliza kwa mbali. Wageni wawili leo, wote wachoraji, wote wana maoni.

Wa kwanza anataka niweke pindo, iwe kama khanga: pindo, mji, jina. Ni wazo zuri na si la chapa hii. Pindo lingefungia mahali ndani tena, nami nimehangaika miezi mitatu kupafungulia.

Wa pili alinisimulia habari za Mary Delany, bibi wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyeanza kukata karatasi za rangi na kuunda maua akiwa amepita miaka 70, akatengeneza karibu elfu moja kabla macho hayajamkataa; yako British Museum hadi leo. Maua yake yote yamekaa juu ya weusi mtupu. Nikamwambia huyo bibi tungegombana, lakini mkono wake ningeuomba. Tukaingia kwenye mabishano kama chapa ni sanaa ya hapa au ni ya kuletwa, nikamkumbusha George Lilanga, msanii wetu, na michapo yake ya Nyumba ya Sanaa, hapahapa Dar. Akanyamaza, akaomba chai.

Mei 19

Nakala ya 12 imetoka. Ya 13 ni ya kwangu, ya majaribio, ina alama ya kidole gumba kwenye ncha ya jani na sitaiuza.

Zikitazamwa pamoja si toleo la kufanana. Bamba ni lilelile, ila kuanzia nakala ya saba vanishi imeanza kuchoka kwenye mshipa mkuu na mstari wake umelainika. Karatasi za chini ni tofauti kila mahali. Tatu nadhani ni nzuri kweli. Moja, ya tano, imejaa mno, nilishindwa kujizuia, jani linatafutwa kama mtoto sokoni. Nyingine zinatosha.

Juni 1

Mama wa genge amekuja mwenyewe mlangoni na ukurasa mkononi. "Wamelipa," akasema. "Mwezi umefungwa." Ukurasa mzima umekatwa kwa mistari ya bluu, mmoja mmoja.

Nimeondoa safu ya majina kwa mkasi na kumrudishia. Jina la mtu na deni lake havitembei pamoja kwenye maonyesho. Kilichobaki nimekichana vipande 12, nikavibandika kona ya chini kulia, na juu yake kibandiko kidogo kwa wino wa misumari: Terminalia catappa, mkungu, Magomeni, Februari. Mstari wa mahali nimeuacha hivyo, neno moja.

Juni 8

Zimekauka, zimelala chini ya ubao usiku mbili, zimenyooka. Nimezisaini kwa penseli, 1/12 hadi 12/12.

Nikamwita mama aje azione kabla hazijaondoka. Nilizipanga juu ya kitanda. Akavua ndala, akapita moja moja, mikono nyuma. Jani hakulitazama hata kidogo. Alipofika ya tatu akainama kwenye kona, akasoma midomo ikitembea, akarudi nyuma kidogo kwa sababu ya macho, akasoma tena.

"Hii haikukatwa."

"Ipi mama?"

"Mkaa 1,500. Niliruka. Hii ni yako, ya siku ile ya mvua."

Ni kweli. Nilichukua mkaa Aprili, umeme ulipokatika, nikasema nitaleta jioni. Nikatafuta pochi, nikamlipa 2,000, akanirudishia 500 kutoka kwenye pindo la khanga. Kisha akaichukua kalamu aliyoichomeka kwenye nywele, na kabla sijafungua mdomo akaikata: mstari mmoja, wa bluu, ulionyooka, kuanzia kwenye mkaa hadi nje ya kipande, ukapanda juu ya mshipa wa jani kama sentimita mbili.

Nakala 3/12 ina mstari wa kalamu ya bluu kona ya chini kulia, uliopanda juu ya jani. Nyingine hazina.